Mushale uliolala mwaka muzima

Delege wa sindika anazoea maswali ya namna moja: mushahara utaingia lini, saa za nyongeza zimehesabiwa namna gani, juu ya nini dawa ya mutoto imekataliwa. Lakini tangu baridi ya mwezi wa sita ilipoingia, swali ambalo wenzangu wananiuliza sana katika busi ya kazi ni la mishale. Konje zinatoka. Wengi wanarudi kwao upande wa Mitwaba, Kasenga, Pweto, Malemba-Nkulu, na kule wajomba wanawangoja kwenda nao pori. Pupu hawana, ao hawaitaki. Wanashusha buta ukutani, wanafungua mufuko wa mishale, na hapo taabu inaanza.

Mumoja wetu, shofere wa benne, alileta yake kwangu siku ya Mungu. Mishale kumi na miwili, kazi ya marehemu baba yake. Tuliilaza juu ya simenti tukaizungusha kwa kidole, mumoja kwa mumoja. Minne ilizunguka sawa. Mingine ilitikisika kama gurudumu la kinga lililogonga shimo. Miwili ilikuwa na tundu za wadudu, unga mweupe ukamwagika. Na mumoja, kichwa chake cha chuma kilitoka mukononi mwangu bila nguvu, sawa vile jino la muzee. Ndugu yetu alitaka kupanda kamio kesho yake asubuhi. Nilimwambia: na hii, hapana. Alikasirika, akasema mimi nimezoea kusimamisha kazi. Ni kweli, nimezoea.

Sababu zangu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni nyama yenyewe. Swala aliyepigwa vibaya tumboni haanguki pale pale. Anakimbia, anaingia katika majani marefu, anakufa kesho ao keshokutwa mahali ambapo hakuna mutu atakayemwona. Kijiji hakikula, na pori limepunguka.

Ya pili ni mukono. Ukivuta buta yenye nguvu na kuachia, muti wa mushale unapokea nguvu yote kwa mara moja kutoka nyuma. Kama una ufa, unapasuka wakati ule ule, na kipande cha nyuma kinaingia katika mukono ulioshika buta, pale karibu na kidole gumba. Wazungu wanaowinda na mishale ya kaboni wanaijua sana ajali hii. Watengenezaji wanawaambia wakunje kila mushale kidogo kwa mikono miwili na kuusikiliza kabla ya kuupiga, juu ya vipande vya kaboni kuingia katika nyama kama sindano. Yetu ni ya muti na ya matete, lakini ufa ni ufa. Na hapa naongea kama delege: mukono uliotobolewa na mushale wako mwenyewe katika konje si ajali ya kazi. Kwa CNSS dosie yako haitafunguliwa kwa jina hilo. Shofere wa benne ambaye vidole vyake vya kushoto havifungi tena, kampuni itamufanyia nini? Nimeona namna wanavyomaliza hata wale walioumia ndani ya karière, kwa hiyo jibu ninalo.

Basi tuanze na muti. Muti unakunywa maji. Wakati wa mvua unavimba, kiangazi unakauka, na kama umeegemezwa kwenye kona ya nyumba, unachukua umbo la kona hiyo. Wazee hawakuiegemeza, waliifunga pamoja na kuitundika juu ya moto wa jiko, moshi ukawafukuza wadudu. Sisi wa mujini tunapikia makala nje ya nyumba, tena mishale tunaificha nyuma ya kabati. Muti uliopinda unatengenezeka. Unaupitisha juu ya makala yaliyoiva, bila ndimi za moto, ukiuzungusha mupaka unapata joto vizuri mukononi. Unaukunja upande wa pili wa kosa, kupita kidogo, na unaushikilia hivyo mupaka upoe. Ukiachia ukiwa moto, unarudi kule kule. Wahadzabe, wale wawindaji wa karibu na Ziwa Eyasi kule Tanzania, wanatumia meno: wanauma pale penye kona, mikono inavuta, jicho linaangalia kwa urefu. Ukiunguza muti ukawa mweusi, umeuua, utavunjika. Na wenye tundu za wadudu usiutengeneze. Utie katika moto wa kupikia bukari.

Kuna jambo ambalo watu hawaliamini ninapowaelezea. Mushale hauruki ukiwa umenyooka. Unatoka katika buta ukijikunja kushoto na kuume kama samaki katika maji, halafu unatulia mbele. Katika miaka ya 1930, mutaalamu wa fizike wa Marekani, Clarence Hickman, aliupiga filme kwa kamera ya haraka sana, na kila mutu akaona. Maana yake ni kwamba muti na buta vinapaswa kupatana. Buta yenye nguvu inataka muti mugumu. Buta laini inataka muti laini.

Njo maana mishale ya shofere wetu, hata ile minne mizuri, ilikuwa inakwenda kushoto yote. Yeye alifikiri ni jicho lake, ao ni mutu wa kijiji aliyemutupia kitu. Kumbe buta ya baba ilivunjika miaka iliyopita, na yeye alichonga ingine, laini zaidi. Miti ya baba ilikuwa migumu mno kwa buta mupya. Kwa mutu wa mukono wa kuume, anayepitisha mushale upande wa kushoto wa buta, muti mugumu mno unakwenda kushoto, na muti laini mno unakwenda kuume. Dawa yake haikuwa kwa mufumu. Unaukwangua muti kidogo kidogo kwa kipande cha chupa uwe mwembamba, ao unautilia kichwa kizito zaidi, juu uzito wa mbele unaufanya muti ujikunje zaidi. Unapiga, unaangalia, unakwangua tena. Kazi ya siku mbili, tatu.

Manyoya. Kanga ni mazuri, na ndege wakubwa pia. Yanaliwa na wadudu hata kuliko muti, na yakilowana yanalala chini na mushale unayumba. Lakini kosa ninaloliona kwa vijana ni lingine: wanachanganya manyoya ya bawa la kuume na ya bawa la kushoto katika mushale mumoja. Unyoya umepinda kwa kuzaliwa, bawa la kuume linapinda huku, la kushoto kule. Matatu ya upande mumoja yanauzungusha mushale vizuri katika hewa. Ukichanganya, yanapigana yenyewe kwa yenyewe.

Sasa chuma, na hapa nitakaa kidogo, juu ni mahali ambapo watu wa mine tunajidai kujua.

Sisi ni watu wa mukuba. Babu zetu walichimba malakite, wakayeyusha shaba katika tanuru za udongo wa kichuguu wakati wa kiangazi kama hiki, wakatengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama feza mupaka mbali na hapa. Wayeke wa Msiri, kule Bunkeya, walivuta nyaya za shaba nyembamba sana. Lakini kichwa cha mushale wa kuwinda ni kazi ya chuma. Shaba ni laini. Ikikuta mufupa, inajikunja. Nasema hivi kwa sababu kijana mumoja alinionyesha vichwa alivyokata katika kebo ya umeme, vinang'aa kama hereni za bibi arusi. Sikumuuliza kebo ilitoka wapi. Nilimwambia tu ampelekee bibi arusi.

Leo hakuna mutu anayeyeyusha chuma kijijini. Watu wanatumia musumari mukubwa, fer à béton, ao lame ya resori ya kamio. Wahadzabe wanatumia musumari: wanaugonga baridi, jiwe chini na nyundo juu, mupaka unakuwa bapa, halafu wanaunoa kwa tupa. Chuma cha musumari ni laini. Kinaweza kukunjika, lakini hakivunjiki, na jioni unakinyoosha tena. Resori ni hadisi ingine. Jirani yangu wa Katuba, muzee aliyepitisha maisha yake yote katika atelie akifua chuma, aliniita nione vichwa vitatu vya resori ambavyo mujukuu wake alinunua sokoni. Alikishika kimoja kwa koleo, akakigonga kidogo kwenye simenti. Kilikatika kama sahani.

"Unaona?" akaniambia. "Ule mutoto alikitia mu moto, kikakuwa mwekundu, akakitupa mu maji, akasema iko tayari. Haiko tayari. Ile iko chupa."

Kichwa cha resori kinataka moto mara mbili. Ukikizima, kinakuwa kigumu na kinavunjika haraka. Unakisugua mupaka king'ae, unakirudisha karibu na makala, polepole, na unaangalia rangi inavyopanda: kwanza manjano kama majani makavu ya mahindi, halafu kahawia, halafu zambarau, mwisho bulu. Muzee anaondoa pale kwenye kahawia. Ukiachia mupaka bulu, kinakuwa laini zaidi, lakini kwa mushale si mubaya. Ukikosea, ukose upande wa laini. Kichwa kinachovunjika ndani ya nyama kinaacha kipande ambacho mutoto atakiuma siku ya kula.

Halafu kuna shingo, pale chuma kinapoingia katika muti. Vichwa vyenye mukia ni kama kabari: kila mara mushale unapogonga, mukia unasukuma nyuma na kutaka kupasua muti. Kinachozuia ni ile kamba ya kano iliyozungushwa pale, pamoja na bulimbo. Kano ikilowana inalegea. Bulimbo ikizeeka inakauka na kumomonyoka kama simenti mubaya. Shika kichwa, jaribu kukizungusha. Kikitikisika hata kidogo, fungua yote na funga upya: bulimbo ya moto, nta ya nyuki kidogo ili isiwe kavu mno, na unga wa makala kidogo ili ishike. Usiongeze uzi juu ya ule wa zamani. Ni sawa na kupaka rangi juu ya kutu, na hilo tunalijua tangu kazini.

Kamba ya buta nitaipita haraka. Wazee walitumia kano ao ngozi, nzuri sana kiangazi, mbaya sana siku ya umande. Vijana wanatumia nailoni. Nailoni inavutika; jioni buta haina nguvu ya asubuhi, na mutu anasema mishale imerogwa. Chukua mbili, ya pili uiweke mufukoni mahali pakavu.

Wengine watasema delege anatupotezea wakati na mambo ya mugini. Kwa Baluba, ufalme wenyewe ulikuja na muwindaji. Mbidi Kiluwe alitoka mashariki na buta yake, akawakuta watu wa Nkongolo Mwamba, na mutoto aliyezaa pale, Kalala Ilunga, njo aliyesimamisha ufalme. Na wafalme waliokuja nyuma walikuwa na kiti maalum cha kuwekea buta na mishale, kimechongwa vizuri, chenye matawi matatu na mwili wa mwanamuke chini. Hakikuonyeshwa kwa watu. Kilikaa ndani ya nyumba yake, na mwanamuke mwenye cheo alikichunga. Leo vingi viko katika miziyamu za Ulaya nyuma ya kioo. Watu wa namna hiyo wasingeweka buta nyuma ya kabati pamoja na ndoo.

Nimeulizwa pia sumu. Katika mufuko wa mishale ya urisi, kuna mara unakuta kichwa kimefungwa ngozi nyembamba shingoni, na chini yake kitu cheusi kama guduro. Usikwangue. Wawindaji wa Kiwaata wa Kenya, ambao walipiga hata tembo kwa buta nzito sana, walikuwa wanazungushia ngozi juu ya sumu kwa sababu mbili: isikaushwe na jua, na isimuguse mwenyewe. Sumu yao inatoka katika muti unaoitwa musunguti, na inasimamisha moyo. Ya upande wa Malawi, karibu na sisi, ilitoka katika mumea mwingine na iliitwa kombe. John Kirk, munganga aliyetembea na Livingstone katika safari ya Zambezi iliyoanza 1858, aliweka sumu hiyo pamoja na buroshi yake ya meno. Akapiga meno, akasikia uchungu mudomoni, na mapigo ya moyo wake yakapunguka. Hakufa, baadaye alikuwa konsele wa Uingereza Zanzibar. Lakini kutoka pale wataalamu wa Edinburgh wakaichunguza, wakatoa ndani yake dawa ya moyo ambayo minganga wa Ulaya waliitumia miaka mingi. Hiki njo kitu ambacho mutu anataka kukwangua kwa kisu cha jikoni, mbele ya batoto!

Tena sumu ya zamani inadanganya pande mbili. Inaweza kuwa imekufa, na munyama anaondoka nayo. Ao haijakufa, na kipande kikavu kinaingia katika kidonda cha kidole chako. Kama huna muzee anayejua kila mushale ulitoka wapi, kata kichwa pamoja na kipande cha muti, ukivaa glavu, uzike chini sana mbali na kisima. Usitie mupya.

Na sheria. Uwindaji katika nchi yetu unaongozwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Inataka permi, na haikuwasahau watu wa vijiji: kuna permi ya kijijini na kuna permi ya pamoja. Muulize sefu wa kijiji kama anayo kabla ya kutoka Lubumbashi, wala si siku ya kukamatwa. Parki la Upemba, tangu 1939, na la Kundelungu, tangu 1970, hayawindwi, kwa permi ao bila permi. Wanaokwenda Mitwaba, nawaambia ninyi kwanza, juu Upemba iko pale karibu, na mupaka haukuandikwa juu ya kila muti. Punda milia wa mwisho wa pori katika Kongo wako mule. Kusema mushale haulii kama bunduki hakutakusaidia mbele ya mulinzi wa ICCN. Na kama umepoteza permi ya kuendesha benne juu ya kulala katika kashoo, sindika itakuja kukutembelea na mukate, lakini si zaidi.

Siku za konje ni chache, kwa hiyo hesabu nyuma. Mishale iangaliwe majuma mawili kabla ya safari. Jaza kiloba na majani ya mahindi makavu, ukishindilie vizuri, ukiegemeze kwenye kichuguu wala si kwenye ukuta wa jirani. Hatua ishirini. Andika alama kwenye kila mushale, piga kila mumoja mara tano, kwa siku mbili tofauti, asubuhi na jioni. Ile inayokwenda pamoja njo inasafiri. Mushale ambao unakwenda peke yake, hata ukiwa muzuri kwa macho, unabaki nyumbani. Mitano inayopatana inafaa kuliko kumi na miwili ya kubahatisha, na mutu anayewinda swala hapigi mara kumi na mbili kwa siku.

Katika kamio, mishale haikai kati ya viloba vya makala na vya samaki. Nunua kipande cha tiyo ya plastiki ya maji, kirefu kuliko mushale kwa vidole vitatu, tia kitambaa chini, mishale ndani vichwa vikiangalia chini, kitambaa juu, funga pande mbili kwa mupira wa chambre à air. Ndani ya kitambaa cha juu weka manyoya sita ya bawa moja, kipande cha bulimbo na nta, kano kavu, na kamba ya pili. Kwenye bariere askari akiuliza, fungua mwenyewe umuonyeshe, na karatasi ya konje iwe mukononi.